NANI ATASOMEA UDONGO?

Mwezi uliopita, siku ya mshahara, mchimbaji mmoja alifika dirishani pangu ofisini. Ni mtu wa makamo, mzaliwa wa milima ya Lubero, mwenye heshima kazini. Alipokwisha kuhesabu fedha zake akanipa karatasi nyeupe, akasema: "Karani, niandikie barua ya kumwombea mwanangu nafasi ya chuo kikuu. Amekwisha pata diploma ya Leta." Nikamwuliza: "Asomee nini?" Akacheka. "Ningependa sheria, au uchumi. Lakini mtoto mwenyewe asema ataka kusomea mambo ya shamba. Udongo, miti na ng'ombe! Karani, mimi naingia chini ya ardhi miaka kumi na minane ili yeye asishike jembe, naye ataka kwenda chuo kikuu kujifunza jembe!"

Wenzake waliokuwa katika mstari wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini nilipofika nyumbani neno lile lilinikaa moyoni. Nikajiuliza: sisi tunaocheka, twala nini? Na mashimo haya yakifungwa, twarudi wapi? Kwa hiyo naandika maneno haya, ndugu wachimbaji na ndugu wenyeji wa Butembo na Beni, nikiwaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunihukumu.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kusomea mambo ya shamba katika chuo kikuu si kujifunza kushika jembe. Jembe mama zetu walitufundisha bure, wala hakuna profesa atakayewashinda. Mwanafunzi wa chuo hufundishwa mambo mengine: kupima udongo ajue umekosa nini, kujua ugonjwa wa mmea watoka wapi na huambukizwa kwa njia gani, kuchagua mbegu, kutibu mifugo, kupima ardhi na kuchora ramani, kuhesabu miti ya msitu ajue ni mingapi yaweza kukatwa kwa mwaka bila msitu kwisha, kulinda chemchemi, kusoma sheria za ardhi, na kuweka hesabu za ushirika. Kwa neno moja, anajifunza kuwa mwangalizi wa nchi ya vijijini, kama injinia alivyo mwangalizi wa shimo. Ni nani kati yetu asiyependa shimo lake liangaliwe na mtu anayejua mwamba? Basi kwa nini twaona sawa milima yetu yote ilimwe bila mtu wa namna hiyo?

Na elimu hiyo haiko ng'ambo ya bahari. Hapa Butembo kipo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989 wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko, nacho kinafundisha kilimo na udaktari wa mifugo. Kipo pia chuo cha juu cha kilimo, mifugo na misitu, kinachojulikana kwa herufi zake ISEAVF. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeanza utaratibu mpya: lisansi kwa miaka 3, kisha masta kwa miaka 2. Mzazi wa Butembo hana haja ya kumpeleka mtoto Kinshasa wala Ulaya. Mtoto anaweza kulala nyumbani na kula wali na maharage ya mama yake.

Sasa tutazame mali zetu mbili, yaani madini na udongo.

Mji wetu wa Butembo ulianza kukua kutoka kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs, mwishoni mwa miaka ya 1920. Babu zetu waliletwa kuchimba dhahabu, na soko likaota pembeni ya kambi. Baadaye, mwaka 1976, makampuni ya madini ya Kivu yaliunganishwa kuwa Sominki. Wazee waliofanya kazi humo wanakumbuka hospitali, shule na mgao wa chakula. Lakini mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika soko la dunia. Haikuangushwa na mtu wa Kivu, wala hakuna mtu wa Kivu aliyeulizwa. Kampuni ikadhoofika, na katika miaka ya 1990 ikafikia mwisho wake. Wachimbaji waliokuwa na shamba walirudi shambani. Waliokuwa hawana walibaki wakichimba kwa mikono katika mashimo yaliyoachwa.

Mimi ni karani, na karani hujua jambo moja: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika daftari la mgodi kila kilo inayotoka imeandikwa, na kila kilo iliyotoka hairudi. Dhahabu haizai. Udongo huzaa kila mwaka, lakini kwa sharti moja, kwamba autunzwaye vema. Udongo usiotunzwa nao ni kama mgodi: unatoka kilo kwa kilo, kila mvua ikinyesha, unashuka mtoni, wala haurudi. Tofauti ni kwamba udongo unaoondoka hakuna karani anayeuandika. Tazameni rangi ya maji ya mito yetu wakati wa mvua. Hiyo ndiyo mishahara ya wajukuu wetu inayopita.

Mtasema: baba zetu walilima bila wasomi na wakala. Ni kweli. Lakini baba zetu walikuwa na nafasi. Walilima kilima kimoja na kukipumzisha kingine miaka mingi. Leo katika milima ya Lubero shamba limegawiwa kwa wana, na wana wamegawia wana wao, mpaka ukanda wa mtu umekuwa mwembamba kama kamba. Hakuna tena kilima cha kupumzisha. Ndiyo sababu vijana hushuka kutafuta msitu upande wa magharibi, au huja kwetu mgodini. Ardhi ikipungua, akili haina budi kuongezeka.

Nitatoa mfano ambao watu wa Beni wanaujua kwa uchungu. Zamani kahawa ya robusta ilikuwa mali ya Beni. Ilijenga nyumba za mabati na kulipa karo za shule. Kisha ukaja ugonjwa wa mnyauko: majani yanageuka manjano, yanapukutika, mti unakufa umesimama. Katika miaka ya 1990 mashamba mengi ya Beni yaliangamia. Watu wengine walisema ni uchawi, wengine wakasema ni wivu wa jirani. Kumbe ni aina ya kuvu, inayoishi katika udongo na kuingia penye jeraha la mti. Mkulima aliyekata mti mgonjwa kwa panga, kisha akapogoa mti mzima kwa panga lile lile, alikuwa anaupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Sikilizeni sasa jambo la kuhuzunisha. Ugonjwa huo haukuwa mgeni Kongo. Ulikwisha onekana zamani, nao ulizuiwa katika miaka ya 1950 kwa kung'oa na kuchoma miti migonjwa na kwa kupanda mibuni iliyochaguliwa kwa sababu inastahimili. Dawa ilijulikana! Ilijulikana Yangambi, katika kituo kikuu cha INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1933, na ambayo sifa yake ilifika dunia nzima. Lakini watafiti wa Yangambi walikuwa karibu wote Wazungu. Mwafrika alibeba vyombo, alimwagilia miche, aliandika namba kwenye vibao. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo waliokuwa na digrii ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima. Wazungu walipoondoka waliondoka na vichwa vyao. Katika miaka ya 1970 ugonjwa ukarudi upande wa kaskazini-mashariki ya Kongo, ukatembea kijiji kwa kijiji, ukafika kwetu, ukavuka mpaka, ukaonekana Uganda mwaka 1993 na baadaye Tanzania.

Basi tulikuwa na bendera, na wimbo, na mawaziri, lakini hatukuwa na mtu wa kutosha wa kumwambia mkulima wa Beni: ndugu, choma mti huo, na lipitishe panga lako motoni. Kwa kukosa neno hilo moja mali ya wilaya nzima ilikauka. Watu wa Beni wakajipatia kakao badala yake, kwa juhudi yao wenyewe, nasi twawasifu. Lakini nauliza: kakao nayo ikipata ugonjwa, nani yuko tayari?

Ndizi vilevile. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, na tangu hapo umetembea katika Kivu. Huu husababishwa na kijidudu kidogo mno, bakteria, kinachochukuliwa na panga na na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba. Kinga yake haina gharama kubwa: kuvunja ua dume kwa mti wenye panda, si kwa panga, kusafisha panga kwa moto au kwa dawa ya jiki, kuondoa mapema shina lililougua. Mama yeyote anaweza kufanya hivyo. Lakini lazima awepo mtu aliyesoma jambo hili mpaka chini, akaweza kulieleza kwa Kinande na kwa Kiswahili chini ya mgomba wenyewe, si kwa Kifaransa katika chumba cha hoteli.

Hayo ni ya mimea. Sasa nitasema ya karatasi, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Ofisini kwetu ukutani ipo ramani. Kwa Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, nchi yetu imekatwa katika miraba, na mraba mmoja ni karibu hekta 85. Anayetaka kutafuta au kuchimba madini huomba miraba. Mkulima aliye kijijini hajui kuwa shamba lake la maharage limo katika mraba fulani, wala hajui namba ya mraba huo. Siku moja huona watu wanapigilia vigingi. Hapo huanza kelele, na kwa kawaida mwenye kelele hushindwa na mwenye karatasi.

Lakini karatasi hiyo hiyo ina maneno yanayomsaidia mkulima, kama angekuwa na mtu wa kumsomea. Inasema anayekalia ardhi na kupata hasara sharti alipwe fidia. Kanuni ilirekebishwa mwaka 2018, na sasa mwenye kibali cha kuchimba sharti aandikiane mkataba wa kazi za maendeleo na wenyeji, na atoe angalau sehemu 0.3 katika mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji hao. Katika ushuru wa madini, 50 katika mia ni za Serikali kuu, 25 ni za jimbo, 15 ni za mji au usultani ambamo madini yanachimbwa, na 10 ni za mfuko wa vizazi vijavyo. Haya ni maandiko ya sheria. Lakini fidia ya shamba huhesabiwaje? Lazima mtu apime shamba, ahesabu mibuni na umri wake, ajue mti mmoja ungezaa kwa miaka mingapi. Hiyo si kazi ya mwanasheria, wala si kazi ya karani wa mgodi. Ni kazi ya mtu aliyesomea shamba. Akikosekana upande wa wenyeji, hesabu itafanywa na mtu wa upande mwingine peke yake.

Msitu nao una sheria yake. Kwa amri ya Agosti 2014 jamii ya wenyeji inaweza kupewa msitu wake wa kimila, mpaka hekta 50,000, bila kuununua, na kwa muda usio na mwisho. Je, ni wangapi kati yetu tulijua? Lakini ili upewe msitu huo unahitaji ramani, na maandishi ya mkutano, na baadaye mpango wa kuutumia msitu: hapa patalimwa, hapa patahifadhiwa, hapa patakatwa mbao. Mwami na wazee wanajua kila mto na kila kaburi la msitu wao, lakini ramani hiyo iko kichwani mwao. Kijana aliyesomea misitu ndiye atakayeitoa kichwani mwa mzee na kuiweka katika karatasi ambayo ofisi itaipokea. Asipofanya hivyo yeye, mzee atakufa na ramani yake, na mtu mwingine atachora ya kwake.

Hata ugomvi wa mipaka ya Hifadhi ya Virunga ni namna hiyo. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert, na waliochora mipaka hawakuwa wana wa nchi. Leo mvuvi wa Kyavinyonge na mkulima aliye pembeni ya hifadhi wana maneno yao, na walinzi waliokufa wakilinda wanyama nao wana wajane. Jambo hilo halitamalizwa kwa mapanga. Litamalizwa na watu wanaojua wanyama na wanaojua wakulima pia, na watu hao hawaoti kama uyoga, husomeshwa. Watanganyika walilitambua mapema: miaka miwili tu baada ya uhuru wao, mwaka 1963, chuo cha Mweka kilifunguliwa chini ya Kilimanjaro kuwafundisha Waafrika kuangalia wanyama na mbuga. Na Morogoro, mahali palipokuwa na chuo cha kilimo tangu mwaka 1965, pakawa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984. Hao ni jirani zetu, wenye jembe kama letu.

Sasa nijibu wanaocheka, maana sababu zao si za kijinga.

Sababu ya kwanza ni aibu. Twaona shamba ni adhabu. Aibu hii ina mzizi. Tangu mwaka 1917 mkoloni aliwalazimisha babu zetu kulima mimea aliyoitaka yeye, siku 60 kila mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Agronomu alifika akiwa na askari. Mtu aliyekosa alifungwa au alipigwa fimbo. Mtoto aliyemwona baba yake akipigwa kwa sababu ya shamba atapendaje shamba? Hata jambo jema likawa baya kwa sababu ya fimbo. Matuta ya kuzuia udongo usishuke yalikuwa jambo jema, lakini yalipolazimishwa watu waliyachukia. Katika milima ya Uluguru huko Tanganyika watu walifanya ghasia mwaka 1955 kwa sababu ya matuta hayo. Hawakukataa udongo, walikataa kutumikishwa. Basi twajua sasa: agronomu mwenye fimbo alikuwa mtumishi wa mkoloni. Agronomu aliye mtoto wetu, anayekuja kuuliza kabla ya kusema, ni mtu mwingine kabisa. Tukiendelea kulidharau shamba kwa sababu ya fimbo iliyokwisha vunjika, mkoloni bado anatutawala moyoni.

Sababu ya pili ni mshahara. Mnasema: agronomu wa Leta hukaa miezi bila kulipwa, hana pikipiki, na ofisi yake haina paa. Ni kweli, wala sitaificha kweli hiyo. Viongozi wa Afrika walikubaliana Maputo mwaka 2003 kwamba kila nchi itoe angalau 10 katika mia ya bajeti yake kwa kilimo, na Kongo imekaa miaka mingi mbali sana na kiasi hicho. Viongozi wetu tuwaulize jambo hilo hadharani, kila wanapokuja kuomba kura. Lakini je, mwanasheria asiye na kesi analipwa na nani? Butembo imejaa vijana wa sheria na uchumi wanaouza kadi za simu. Aliyesomea shamba kwa kweli hana haja ya kungoja Leta. Kwenye mitelemko ya Ruwenzori wakulima wa kahawa ya arabika wameunda ushirika wao, Kawa Kanzururu, na vituo vidogo vya kuosha kahawa, ili wauze kahawa safi yenye jina badala ya kuivusha mpakani katika magunia usiku. Ushirika kama huo unahitaji mtu wa kuangalia ubora, mtu wa miche, mtu wa hesabu. Mwenye ng'ombe anahitaji daktari. Kitalu cha miche bora ni biashara. Hata mgodi, kwa sheria, unapaswa kurekebisha ardhi uliyoichimbua, na anayejua kuirudishia miti ni yeye.

Sababu ya tatu ni vita, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Tangu Oktoba 2014 wakulima wa Beni wamechinjwa mashambani mwao, na wengi wameacha kakao ikiiva bila mtu wa kuichuma. Nani atampeleka mtoto wake msomi huko? Sitamwambia mzazi yeyote ampeleke mtoto kifoni. Lakini nasema hivi: siku amani itakaporudi, watu watarudi kwenye vichaka ambavyo vilikuwa mashamba, mipaka imepotea, wazee waliojua mipaka wamekufa. Hapo kutakuwa na ugomvi wa kila hatua ya ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali, ikaahidi kwamba amri nyingine itaeleza haki za wanaokaa katika ardhi ya kimila. Ahadi hiyo ilikaa miongo mingi bila kutimizwa. Watu watarudi, basi, bila karatasi na bila mashahidi. Tusipokuwa na vijana wanaojua kupima na kupatanisha, vita vya bunduki vitafuatwa na vita vya mipaka. Mtu wa kazi hiyo hafundishwi kwa wiki mbili. Lazima aanze kusoma sasa, wakati wa taabu, ili awe tayari wakati wa kurudi.

Nimewasema wazazi. Sasa niwaseme wanafunzi wenyewe, wasidhani nimekuja kuwasifu tu.

Kijana, ukisomea shamba ili upate kiti katika gari la shirika na posho za semina, heri ungesomea sheria. Tunao wasomi ambao hawajavua viatu tangu walipopata diploma. Wanafika kijijini saa nne, wanapiga picha, wanaondoka saa sita. Wanamfundisha mama aliyelima maharage miaka arobaini, bila kumwuliza hata swali moja. Mtu huyo ni yule agronomu wa zamani, amekosa fimbo tu. Kuuliza si ujinga. Mama yule anajua maharage gani yanastahimili mvua nyingi, na lini panya huja. Wewe unajua kwa nini mmea unaugua. Wekeni elimu zenu pamoja.

Nitataja kitu kidogo. Ili kupata mstari ulio sawa katika mtelemko, usioshusha maji, chukua miti mitatu, uifunge iwe kama herufi A, uning'inize jiwe kwa kamba kutoka juu. Jiwe likitulia katikati, miguu miwili ya miti iko sawa. Weka kigingi, sogea, weka kingine. Kwenye mstari huo panda majani ya ng'ombe. Udongo unaoshuka utashikwa hapo, ng'ombe atakula, na samadi itarudi shambani. Miti mitatu, kamba na jiwe! Huo ndio usomi ninaoutaka: aliyesoma miaka mitano akaweza kuelewa mlima mzima, kisha akafanya kitu ambacho jirani anaweza kukifanya kesho asipokuwepo.

Wala tusisahau binti zetu. Katika milima yetu nani hulima? Mama. Nani hubeba ndizi sokoni? Mama. Lakini tunaposema "mtoto asomee kilimo" tunamwaza mvulana. Msichana aliyepata diploma ya Leta, aliyekua akifuatana na mama yake shambani, amekwisha anza masomo hayo kabla ya kuingia chuoni. Tusimzuie.

Ndugu wachimbaji, mimi na ninyi tunakula mkate wa mgodi, wala siwaambii muudharau. Nasema tu kwamba fedha ya dhahabu ina kazi moja iliyo bora kuliko nyingine zote: kuigeuza kuwa kitu kisichokwisha. Wengine huigeuza bia, wengine huigeuza pikipiki. Wewe unaweza kuigeuza kuwa kichwa cha mtoto kinachojua udongo, na udongo huo utakulisha siku utakapotoka shimoni na mgongo uliopinda. Chama chochote kinachosema nchi ni yetu sharti kijibu swali hili: nchi ni nini, kama si ardhi yenyewe? Na ardhi ni ya nani, kama hakuna mtoto wetu anayeijua?

Yule mchimbaji alirudi Jumatatu kuchukua barua yake. Sikuwa nimeiandika. Nilimweleza haya niliyowaeleza ninyi, kwa maneno machache, maana mstari ulikuwa mrefu. Hakucheka safari hii. Alikaa kimya kidogo, akaniuliza: "Karani, na akimaliza, atarudi kweli kwetu Lubero, au atabaki mjini kama wengine?" Nikamjibu kwamba hilo si la barua, ni la yeye na mwanawe kuzungumza nyumbani. Akasema wamekwisha zungumza. Kisha akasukuma karatasi kwangu tena, nami nikaandika: kitivo cha kilimo.